Nilimtegea Mwenzangu Mtego, na Mwizi wa Siri Alikuwa Mezani Kwangu

Mimi ndiye niliyefanya mwalimu mwenzangu afukuzwe kazi, na hakuwa na kosa lolote. Naanzia hapo, maana nikizunguka nitaanza kujitetea, na kujitetea najua sana.

Shule siitaji. Ni ya umma, huku juu Dundori, mahali ambapo ukungu ukishuka huoni hata bendera. Majina nimebadilisha yote, na mambo mengine nimeyageuza ili wenzangu wasijitambue. Mwenzangu nitamwita Madam Nekesa. Mimi niite vile unavyotaka, nitastahili.

Nafundisha gredi ya saba hadi ya tisa, na mimi ndiye ninayesimamia chumba cha kompyuta. Funguo ninazo mimi. Sheria zilizobandikwa ukutani niliziandika kwa mkono wangu: usiache akaunti yako wazi, usimpe mtu paswadi yako, usisome ujumbe wa mtu mwingine. Mungu wangu! Siku hizi nikiingia humo siangalii ule ukuta.

Nekesa alikuwa mwalimu wa bodi, yaani aliajiriwa na shule yenyewe, si serikali. Mwalimu wa bodi hana mtetezi. Wakiamua uende, unachukua kikombe chako unaenda. Alizaliwa Nakuru mjini, babu yake alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli. Kila asubuhi alipanda huku kwa bodaboda akiwa amevaa jaketi mbili na bado anatetemeka. Tulikaa meza moja. Mimi nilimletea viazi na maziwa, yeye akaniletea omena, wale dagaa wadogo, kutoka soko la mjini. Tulipendana, sitadanganya.

Sasa sikia vile mambo yalivyoanza.

Walimu tuna grupu yetu ya WhatsApp. Huko ndiko tunakopangia kazi, na huko huko ndiko tunakosengenyea watu. Siku moja baada ya mkutano wa wazazi niliandika kwamba Baba Njoki amekuja na gambuti zake za mpira zimejaa mavi ya ng'ombe, na kwamba siku nyingine tumkalishe nje ili tupumue. Wenzangu walicheka, wakajaza zile sura za kulia kwa kicheko. Hata Mwalimu Mkuu aliweka yake.

Wiki haikuisha. Baba Njoki akatokea ofisini kwetu wakati wa chai, na gambuti zake zile zile, akasimama mlangoni.

"Walimu, habari zenu. Nimeskia mimi hunuka."

Akatazama vikombe vyetu.

"Siku ingine mtanikalisha nje mpumue, sindio? Hiyo maziwa iko kwa chai yenu ni ya ng'ombe yangu. Ile mavi mliona ndio inaleta hiyo maziwa. Sina maneno mingi. Nilitaka tu mjue nimeskia."

Akageuka, akaenda zake. Chai ikatushinda sote.

Unafikiri nilijiuliza kwa nini niliandika maneno mabaya vile juu ya mzazi? Wapi! Nilijiuliza ni nani aliyeyapeleka.

Ndivyo nilivyo. Mama yangu husema hata kuku akinitazama nitauliza ametumwa na nani. Kutoka siku hiyo nilianza kuwaangalia walimu wenzangu mmoja mmoja: nani anatoka nje kupiga simu, nani ananyamaza nikiingia, nani anaongea na wazazi langoni.

Kisha likatokea la pili. Tulipanga kwenye grupu kuwakagua wanafunzi mabegi ghafla, maana kulikuwa na simu zinaingizwa shuleni. Siku ya ukaguzi hatukupata hata chaja. Watoto walitufungulia mabegi wakitabasamu, wengine walikuwa wameshayafungua kabla hatujawaambia. Nikasema, haya, kuna msaliti ndani yetu.

Tena kulikuwa na jambo lingine lililonisumbua. Nilikuwa nikifungua simu yangu nakuta ujumbe umeshasomwa, na mimi sijausoma. Nani anashika simu yangu? Nikamshuku mume wangu! Nikabadilisha paswadi, nikawa naingia na simu mpaka bafuni. Maskini, aliniangalia tu.

"Mama Shiru, nitatafuta nini kwa simu ya walimu? Homework?"

Sikucheka. Kwangu hata mzaha ulikuwa dalili.

Basi macho yangu yakatua kwa Nekesa. Sababu? Nikizisema leo naona haya. Watoto walimpenda kuliko walivyotupenda sisi. Wazazi walimsimamisha njiani kumsalimia. Alikuwa akiongea na mama yake kwa simu kwa lugha yao nyuma ya darasa, anacheka, na mimi kwa kuwa sielewi hata neno, nikaamua anatusema sisi. Ndiyo, hilo nalo liliingia moyoni mwangu. Sisi wa huku tunajuana, nikajiambia, huyu ni wa kuja.

Nikamtegea mtego.

Nilimwandikia yeye peke yake, si kwenye grupu: "Usiambie mtu. Mkuu amepata transfer, anaenda Molo term ikiisha." Ulikuwa uongo mtupu, nimeutunga mwenyewe nikiwa nachuma mboga. Sikumwambia mtu mwingine yeyote duniani.

Akanijibu, "Woi, pole yake. Huko baridi imezidi ya huku. Sisemi, dear."

Nikangoja. Siku chache baadaye nilikuwa zamu ya chakula cha mchana. Watoto wamepanga foleni ya githeri, nikasikia wawili wakinong'onezana: "Mkuu anaenda Molo." Moyo wangu uliruka. Na nitasema ukweli wote hapa, maana ndio unaoniuma zaidi: uliruka kwa furaha. Nimempata!

Nilienda moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu. Nilimweleza mtego wangu hatua kwa hatua, na nilijisikia mtu mwenye akili sana. Akamwita Nekesa mbele yangu.

"Madam, ni ukweli niliambiwa," Nekesa alisema. "Aliniambia yeye mwenyewe. Lakini mimi sijaambia mtu."

"Sasa watoto walijulia wapi?" nikamuuliza. "Niliambia wewe peke yako."

Akatoa simu yake, akaifungua, akaiweka juu ya meza. "Shikeni. Angalieni yote. Hata za mamangu someni."

Mwalimu Mkuu aliipitia. Hakuona kitu. Nikamwona anaanza kulegea, na hapo ndipo niliposema neno ambalo natamani ningelimeza na ulimi wangu.

"Mtu mjanja hufuta."

Mkuu akairudisha ile simu taratibu. Uvumi wenyewe ulikuwa juu yake, na ulikuwa umemchoma. Alisema shule haiwezi kukaa na mtu anayetoa siri za ofisi. Bodi ilipokutana haikubishana naye. Nekesa aliitwa, akaambiwa asirudi muhula ujao.

Siku aliyoondoka nilikutana naye langoni. Alikuwa amekaa shuleni kwetu akingojea jina lake litoke aajiriwe na serikali, na sasa anaondoka bila hata wa kumsemea neno jema. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Wewe unaamini ni mimi?"

Nikamwambia, "Ushahidi uko." Nilikuwa naangalia bodaboda, sikuwa namwangalia yeye.

Walimu wakaanza kuniita CID. Nikapenda! Nikawa nikiingia ofisini mazungumzo yanapungua, na mimi najiona nimeheshimika.

Muhula uliofuata nilikuwa na somo la gredi ya nane kuhusu usalama mtandaoni. Nilitaka kulifanya vizuri, kwa hivyo nikaweka projekta. Waya wake unaingia kwenye kompyuta moja tu, ile ya mwisho iliyo karibu na printa. Nikaiwasha, picha ikajaa ukutani, nikafungua intaneti. Ukurasa ukajifungua wenyewe.

Ilikuwa WhatsApp yangu.

Yote! Grupu ya walimu. Dada yangu akinilalamikia mambo ya mumewe. Mume wangu akiuliza kama kuna unga. Majina, picha, kila kitu, kikubwa ukutani, na darasa zima limeketi chini yake.

Nilingoja wapige kelele. Hawakupiga. Hilo ndilo lililoniogopesha. Walikuwa wanaangalia kama watu wanaoangalia ubao.

"Madam, si uclose tu," akasema msichana mmoja wa mbele, nitamwita Mercy. "Hiyo huwa tu hapo."

"Tangu lini?"

"Tangu term one. Si ile siku ulikuwa unaprint exam?"

Nikakumbuka. Printa ya ofisi ilikuwa imekufa, na mimi mtihani wangu nilikuwa nimeuandika kwenye simu, kama tunavyofanya wengi. Nikaunganisha WhatsApp yangu na ile kompyuta ili niutoe hapo, nikauchapisha, kengele ikalia, nikazima skrini nikakimbia. Kuzima skrini si kutoka kwenye akaunti. Naifundisha hiyo! Nimeiandika ukutani!

"Na mmekuwa mkisoma?"

Wakaangaliana. Mvulana wa nyuma akasema, "Ni club ya computer ndio husoma, madam. Halafu wanatushow."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulidhani unajua," akasema Mercy. Kisha, kwa upole kabisa, kama anayenisaidia kukumbuka: "Hata ile uliambia Madam Nekesa, eti Mkuu anaenda Molo, tuliiona."

Mtego wangu! Nilikuwa nimemwandikia Nekesa peke yake, ndiyo, lakini kutoka kwenye akaunti iliyokuwa wazi kwa shule nzima. Ningemtegea mwalimu yeyote, angenaswa. Ningemtegea Mwalimu Mkuu mwenyewe, angenaswa. Na zile jumbe zilizokuwa zikisomwa kabla yangu, hazikusomwa na mume wangu. Zilisomwa na watoto wa watu kwenye chumba ambacho funguo zake ninazo mimi.

Sasa ngoja nikuambie kosa kubwa zaidi, maana lile la kusahau ni la kibinadamu.

Nilitoka kwenye akaunti, nikachomoa waya, nikawageukia wale watoto. Nikawaambia, "Hii maneno isitoke hapa. Mtu akisema, nitamjua."

Mimi! Mwalimu wa usalama mtandaoni, nikiwafundisha watoto kuficha uovu wangu kwa vitisho.

Mercy akainua mkono. "Madam, sasa Madam Nekesa atarudi?"

"Fungueni vitabu," nikasema.

Nilibeba hiyo kitu likizo nzima. Mwishowe nikashuka Nakuru kumtafuta. Nilimpata akiuza nguo za watoto za mitumba kwenye kibanda cha shangazi yake, amekunja sweta ndogo ndogo, anazipanga kwa rangi. Aliponiona hakushtuka. Alinisogezea kiti cha plastiki.

Nikamweleza yote huku nalia. Wateja walikuwa wanapita, sikujali. Nikamwambia, Nekesa, haikuwa wewe, ilikuwa mimi.

Aliningoja nimalize. "Mimi nilijua sio mimi," akasema. "Hiyo si habari kwangu. Mkuu umemwambia?"

"Bado."

"Walimu?"

"Bado."

Akashika sweta nyingine, akaikunja. "Basi hujaniambia kitu, madam. Ukienda uwaambie, ndio ukuje tuongee."

Nilirudi na mboga alizonipa. Fikiria, alinipa mboga!

Shule zilipofunguliwa nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu, nikamweleza. Alifunga mlango. Akavua miwani, akaifuta. Kisha akasema, "Madam, hiyo ilipita. Tukiifungua, bodi itauliza nani husimamia hiyo lab. Watauliza pia kwa nini mimi sikuchunguza. Unataka tufike huko?"

Na mimi, ndugu msomaji, nikasema hapana. Nilisema haraka sana. Nilitoka pale nikiwa mwepesi, mpaka nikafika kwenye meza yetu na kuona upande wake, ambapo sasa anakaa kijana mwingine wa bodi. Ananiamkia kwa heshima, na simu yake huiweka kifudifudi nikikaribia. Nadhani ameambiwa mimi ni CID.

Sikwambii kwamba nimebadilika. Bado nashuku. Juzi Mkuu na naibu wake walikuwa wananong'ona, nikajua ni mimi. Mercy akinisalimia natafuta kama kuna kitu nyuma ya ile salamu. Watoto wa gredi ya nane wanajua kile ambacho bodi haijui, na kila nikiingia darasani nahesabiwa na macho yao.

Walimu wenzangu, nawasihi. Kompyuta ya shule si yako. Ukiingia, toka, na usiondoke mpaka uone umetoka. Fungua simu yako sasa hivi, uangalie imeunganishwa na mashine gani. Usiandike juu ya mzazi neno ambalo huwezi kulisema yeye akiwa ameketi mbele yako na gambuti zake. Na siri ikivuja, kabla hujadai simu ya mwenzako, weka yako mezani kwanza!

Lakini zaidi ya yote: ukijua umemkosea mtu, sema siku hiyo hiyo, mbele ya wale wale waliokusikia ukimshtaki. Usingoje. Mimi nilingoja, na sasa nimekuja kuungama kwako, wewe usiyenijua, katika ukurasa usio na jina langu wala jina lake la kweli. Wale walimu watausoma huu waraka wakinywa chai, watamsikitikia huyo Nekesa, watauliza ni shule gani hiyo. Nami nitakuwa nimeketi pale pale, nikiuliza pamoja nao.