Simu Iliyomsemea Lopeti

Lopeti wa kisiwani Vava'u alikuwa na miaka ishirini na miwili alipoambiwa ana kisukari. Sisi jamaa zake hatukushangaa, maana ugonjwa huohuo ndio uliompofusha mama yake, Seini. Nesi alimbandika kidude mkononi, kikawa kinatuma kipimo cha sukari kwenye simu yake.

Kila mama alipouliza, Lopeti alijibu, "Iko sawa, mama. Usinichunge kama mtoto." Kumbe sindano za insulini zilikaa tu kwenye friji, kwa kuwa aliogopa wenzake wa raga wasije wakamcheka.

Nesi alikuwa ameiwekea simu sauti ili Seini naye asikie, lakini Lopeti alikuwa akiizima. Jumapili moja alisahau. Tulikuwa tumetoka kanisani, tunakula magimbi na nguruwe, simu ikasema mbele yetu sote: "Sukari ishirini na mbili. Iko juu sana."

Shangazi yake akacheka. "Hata simu inakusuta, wewe!"

Hakuna aliyecheka naye. Seini aliweka chakula chini, akapapasa mpaka akaupata uso wa mwanawe.

"Mwanangu, hata mimi nilikuwa nasema iko sawa. Sura yako niliyoiona mwisho ni ya mtoto wa darasa la pili."

Lopeti aliinuka, akaleta sindano, akajidunga palepale mbele yetu.

Siku hizi sauti haizimwi. Kipimo kikiwa kibaya, Lopeti hununa. Seini hamkemei, humwuliza tu kama amejidunga, naye humjibu ukweli.