Aliyekaa Eda Mbele ya Kamera

Mimi si mtu wa majini wala mizuka. Nauza misumari, bati na rangi hapa Mombasa, na duka nimelianzia kwenye mkokoteni wa maji, sikurithi kitu. Shule sikwenda, nilisoma chuo cha Kurani, nikahitimu juzuu zangu, basi. Kwa hiyo ukitaka kusema mzee amechanganyikiwa, njoo kwanza dukani tubishane bei, halafu useme. Haya niliyaona mchana kweupe, baada ya sala ya alasiri, na miwani nilikuwa nimeivaa.

Kwetu ni Kudhaa, kisiwa kilicho kusini ya Kismayu. Tulikimbia vita vilipofika visiwani, na nyumba yangu ya mawe ikabaki wazi miaka na miaka. Mambo yalipotulia kidogo nikatuma mafundi wakaiezeka upya, maana asiye na nyumba kwao huitwa mkimbizi mpaka kaburini, na neno hilo nilikuwa nimelichoka. Lakini mafundi wakiondoka tu, milango inang'olewa, boriti zinabebwa. Mwanangu Athmani, aliyeko Ulaya, akaniambia, "Baba, tia kamera. Utaiona nyumba yako ukiwa dukani."

Bi Nana, jirani yetu aliyerudi kisiwani, akasimamia kazi. Fundi akafunga kamera moja juu ya mlango, ikitazama ndani ya ukumbi, sola juu ya paa, na kidude cha kushika laini ya simu. Mnara wenyewe uko mbali, bara. Usidhani ni kama video unazotazama wewe mjini. Unabonyeza, mduara unazunguka, unamhudumia mteja, unakunywa kahawa, ndipo inakuja picha moja yenye ukungu. Halafu unangoja nyingine. Siku ya mvua haiji kabisa. Athmani aliipunguza ubora ili angalau ifike, akanionyesha na pa kubonyeza sauti yangu isikike kule, nimkemee mwizi.

Sasa lazima nikwambie habari ya Mwanaesha, binti yangu wa kwanza. Mumewe alipigwa risasi Kismayu vita vilipoanza, akarudi kwangu kukaa eda. Kwetu mwanamke wa eda hatoki nje mpaka miezi minne na siku kumi iishe, na hatoki peke yake. Wanawake wanakuja, wanamwosha, wanambadilisha nguo, wanamfukiza udi, wanamshika mkono na kumvusha kizingiti. Hapo ndipo anarudi kuwa mtu wa watu.

Wenye bunduki walipokaribia, maalimu alimwambia kwa hatari hii dini inakuruhusu, toka. Mamake alimlilia. Akakataa. "Tangulieni na watoto," alisema. "Nikitoka hivi nitakuwa nimemtupa mume wangu."

Nikawavusha wadogo zake mpaka Ras Kamboni, karibu na mpaka, nia yangu nirudi nimbebe kwa nguvu. Njia ikafungwa nyuma yangu. Waliojaribu kupita hawakuonekana tena. Baadaye watu waliofika Kudhaa walisema nyumba wameikuta tupu. Si maiti, si kaburi, si kipande cha leso. Mamake alikufa akimuulizia.

Haya. Alasiri moja nabonyeza simu, picha inakuja, na ukumbini ameketi mwanamke. Yuko chini kwenye jamvi, mgongo kwangu, uso ukutani, amejifunika nguo nyeupe toka kichwani. Nikadhani mvamizi. Nikampigia Bi Nana kwa simu yangu ya pili, ile ndogo.

"Kuna mtu ndani ya nyumba yangu."

"Ataingilia wapi, na ufunguo ninao mimi?"

"Nenda ukamtoe."

Akaenda, simu i sikioni. Nikasikia kufuli, nikasikia mlango. "Humu hamna mchu," akasema kwa lafudhi ya kwetu. "Mna kuku wangu tu, mshenzi huyu, amepitia dirishani."

Picha ikaja. Niamini. Bi Nana amesimama katikati ya ukumbi, kuku miguuni pake, na yule mwanamke ameketi karibu naye kiasi cha kuguswa na ncha ya leso yake.

"Yuko kushoto kwako, Bi Nana."

"Hapa? Hapa pana jamvi. Nenda ukapimwe macho, Baba Mwanaesha."

Athmani naye alicheka nilipomweleza. "Picha imekwama, baba. Mtandao ukiwa mzito, kipande cha zamani kinabaki pale pale."

"Cha zamani cha nani? Kamera hiyo imemwona nani kabla ya leo?"

Na kuku je? Picha hii kuku yuko hapa, picha ya pili yuko kule. Kuku hakukwama.

Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Mzazi humjui mwanao kwa mgongo? Bega la kulia la Mwanaesha lilikuwa limeshuka kidogo tangu alipoteguka utotoni, na bega lenyewe lilikuwa lile. Tena lilikuwa bega la msichana. Mimi meno yameniisha, yeye umri haukumgusa.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilifurahi. Kila alasiri nafunga nusu ya mlango wa duka, nabonyeza, nangoja mduara. Nikawa nazungumza naye. Nilimwambia wadogo zake wameoa na kuolewa, na mmoja ana binti kamwita Mwanaesha. Hakugeuka. Siku niliyomwambia mamake amefariki, picha moja ilimwonyesha ameketi wima, na iliyofuata kichwa kilikuwa kimeinama mpaka magotini. Zilizokuwa katikati hazikunifikia. Labda alilia. Labda alisema neno. Sijui, na sitajua.

Kisha Bi Nana akanipigia mwenyewe, na mzaha hakuwa nao.

"Kuku hawaingii tena mle. Na nikipita nasikia sauti yako unazungumza. Niambie, huyo anaketi vipi?"

Nikamweleza. Nguo nyeupe, uso ukutani, haangalii mlango.

Akasema, "Huyu hajatolewa eda. Maskini mtoto. Anangoja wanawake, na wanawake sote tulikimbia."

"Mwache."

"Nimwache?"

"Namwona kila siku, Bi Nana. Nimemkosa miaka yote hii."

"Wewe unamwona. Yeye anaona nini? Ukuta. Alikaa pale kwa ajili ya mumewe, sasa akae kwa ajili yako?"

Nikamkatia simu. Tena kwa hasira. Lakini nilipoifungua kamera safari ile nikaona nililokuwa silitaki: mkono mmoja alikuwa ameuegemeza ukutani, kama mtu aliyechoka kukaa. Nikampigia Bi Nana. "Mtoeni," nikamwambia.

Wakaja wale wanawake wachache waliorudi kisiwani, na ndoo ya maji, leso mpya na chetezo cha udi. Wakafanya kila kitu juu ya jamvi ambalo wao waliliona tupu. Baba hatazami binti yake akioshwa, hata akiwa binti wa namna ile, kwa hiyo nikailaza simu kifudifudi mezani. Tulikuwa tumepatana: akishavishwa, Bi Nana ataniita kwenye simu ndogo, nitazame. Kamera ilikuwa juu ya mlango. Akitoka lazima aje upande wangu. Nitauona uso wake. Sikutaka kingine duniani.

"Baba Mwanaesha," Bi Nana akaita. "Tazama sasa."

Nikaigeuza simu. Mduara.

Ukazunguka. Kwenye simu ndogo nasikia vigelegele, nasikia wanawake wanasema njoo mwanangu, njoo nje, nasikia Bi Nana anahema: "Mkono huu una uzito. Wallahi nimeshika mkono." Mduara unazunguka. Nikaizima simu nikaiwasha, nikaiinua juu, nikatoka nayo barabarani, watu wananitazama. Vigelegele vikapungua, vikaisha. Ndipo picha ikaja: ukumbi, jamvi lililolowa, na mwanga wa mlango uliofunguliwa umelala sakafuni.

Hajaonekana tena. Mkono wa Bi Nana, ule aliomshika nao, una baridi mpaka leo, hata akiota moto. Mimi nikimaliza sala ya alasiri bado nabonyeza, bado nangoja, inakuja nyumba tupu, safi, imetunzwa vizuri. Athmani anataka kuniwekea mtandao wa kasi. Nimemwambia asijisumbue.

Na wewe uliyekimbia kwenu, ukitia kamera, itie nje, itazame lango. Ndani usitie. Ukiitia, na ukamwona uliyemwacha, usimzungumzishe hata neno, utamzuia. Watafute upesi watu wa kumtoa, na uende mwenyewe, usimame nje ya mlango kwa miguu yako. Mimi nilitegemea simu.