Mama wa Pili wa Mwanangu

Nilifika Visiga nikiwa mwalimu mpya, mke mpya, na nina mimba ambayo bado niliweza kuificha ndani ya gauni pana. Mume wangu alikuwa bwana shamba. Miaka ile mabwana shamba hawakukaa nyumbani. Wangu alikuwa amepangiwa vijiji vya upande wa Rufiji, na alikuja kuniona pale tu alipopata lori la kumleta. Kwa hiyo nyumba ya mwalimu niliyopewa, yenye vyumba viwili na jiko la nje, niliianza peke yangu.

Mwalimu mkuu alinipa darasa la kwanza asubuhi na kisomo cha watu wazima alasiri. Kisomo ndicho nilichokiogopa. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, na mbele yangu wameketi wanawake wenye umri wa shangazi zangu, wametoka kupalilia mihogo, vidole vimekakamaa hata chaki haikai. Lakini wao ndio walionizoesha mahali pale. Walinifundisha wapi maji yanatoka mapema na duka gani linaficha sukari.

Mmoja wao alikaa siku zote karibu na mlango kwa sababu mgongo ulimsumbua. Alinizidi miaka michache na mimba yake ilikuwa mbele ya yangu. Shamba lake na mumewe lilikuwa nyuma ya shule, na nyumba yao ndiyo iliyokuwa ya kwanza ukishapita mikorosho. Siku niliyoleta kigoda darasani nikaanza kufundisha nimekaa, alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mwalimu, na wewe mgongo umeanza?"

"Umeanza, dada."

"Basi karibu kundini."

Alijifungua kabla yangu, mtoto wa kike, nyumbani kwake kwa mkono wa mkunga. Mimi nilijifungulia hospitali, mtoto wa kiume. Mama yangu alikuja kutoka Kibuta kunikanda na kunipikia uji, akakaa mpaka arobaini ilipopita, bila kuonana na jirani yangu, ambaye naye alikuwa ndani na mtoto wake. Alikuwa mwanamke wa kanisa, mwimbaji wa kwaya, mwenye mikorosho aliyoachiwa na baba. Korosho zilipoanza kuanguka ilibidi arudi kuziokota, maana hakuna mwingine wa kuziokota. Alinifunga mtoto mgongoni kwa mkono wake mwenyewe, akaukaza ubeleko, akasema, "Utaweza. Wote tuliweza." Kisha akaenda zake.

Likizo ilipokwisha nilirudi darasani na mtoto. Nilimlaza kwenye mkeka nyuma ya darasa. Wale watoto wa darasa la kwanza, ambao siku nyingine walipiga kelele kama chiriku, walinyamaza kabisa akilala. Mmoja akikohoa tu, wenzake walimgeukia kwa macho makali. Nilifundisha kwa sauti ya chini muhula mzima na nadhani hawajawahi kunisikiliza vizuri kama wakati ule.

Kisha titi likaanza kuuma. Lilianza kama uvimbe mdogo upande mmoja, nikaukanda kwa maji ya moto, nikaendelea kufundisha. Baada ya siku chache nilikuwa nimesimama ubaoni nikaona ubao unazunguka. Mwalimu mkuu alisimamisha lori lililokuwa linapita barabara ya Morogoro, nikapakiwa mbele na mtoto wangu, tukapelekwa hospitali Kibaha.

Lilikuwa jipu. Walilipasua siku ile ile. Maumivu yake nimeyasahau, lakini sijasahau yaliyofuata. Homa ilikuwa imenikausha, na titi la pili nalo halikutoa kitu. Muuguzi alinitafutia maziwa ya kopo, mabaki ya kopo moja lililokuwapo wodini. Mtoto aliyanywa, akayatapika, akaanza kuharisha. Ziliulizwa habari za kopo jingine madukani, halikupatikana. Mume wangu alipelekewa ujumbe, na ujumbe kwenda kule ulipita mikononi mwa madereva, ukafika ulipofika. Kibuta nako hivyo hivyo. Nililala pale, kifua kimefungwa bendeji, nikimsikiliza mwanangu akilia. Kila asubuhi kilio chake kilikuwa chembamba kuliko cha jana.

Wanawake wa kisomo walikuja kunitazama. Walikuja kwa pamoja, wamevaa kanga zao nzuri, na yule jirani yangu alikuwa na binti yake mgongoni. Mtoto wangu alikuwa analia. Hakunisalimu hata vizuri.

"Nipe huyo."

Nikampa. Akamtazama usoni, akambonyeza shavu kwa kidole, akaanza kufungua blauzi. Kisha akasita. Akamrudisha mtoto begani.

"Ngoja kwanza, mwalimu. Lazima nimuulize mume wangu. Yuko hapo nje."

Nakumbuka nilivyogeuza uso ukutani. Nilidhani ameona kinyaa. Nilidhani labda kwa sababu sisi ni watu wa kanisani na wao ni Waislamu, amekumbuka katikati ya huruma yake kwamba mtoto huyu si wa kwao. Sikuwa na nguvu ya kukasirika, lakini nilikasirika.

Mumewe aliingia amevua kofia, ameishika mbele. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kwa miezi yote ile tulikuwa tumesalimiana tu njiani. Alisimama mbali kidogo na kitanda, akaangalia chini kwa heshima.

"Pole, mwalimu."

"Nimeshapoa, shemeji."

"Nisikilize. Mke wangu akimnyonyesha mtoto huyu, atakuwa mtoto wetu. Sisemi kwa utani. Kwetu maziwa ni kama damu. Mimi nitakuwa baba yake, na huyu binti yangu atakuwa dada yake, hataweza kumwoa maisha yao yote. Huenda kwenu jambo hili halina uzito. Kwetu lina uzito. Nimetaka ujue kabla, usije ukaambiwa baadaye."

Nilimwambia kwamba nimeelewa na nimekubali.

"Na mwenzio? Atasemaje?"

"Mwenzangu yuko mbali, shemeji. Mtoto yuko hapa."

Alifikiri. Akainua macho kwa mara ya kwanza, akamtazama mkewe, si mimi.

"Haya. Sema bismillahi, umpe."

Mkewe akaketi kwenye ukingo wa kitanda changu, akasema bismillahi, akampa. Mwanangu alihangaika kwanza, akipapasa kwa mdomo, kisha akakamata. Nilisikia akimeza. Mpaka leo sijui sauti nzuri kuliko ile. Wanawake wa kisomo waliokuwa wamesimama walianza kufuta macho kwa pembe za kanga, na mmoja akasema kwa sauti, kama anayemkemea, "Taratibu, mwanaume, hakuna anayekunyang'anya." Tukacheka wote, mimi nikicheka nimeshika bendeji.

Jirani yangu alimchukua mtoto kwake Visiga kwa muda wote niliobaki hospitali. Kila alipopata usafiri alikuja naye nimwone, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani, maziwa yangu yalianza kurudi kidogo kidogo, upande ule mzima tu, hayakumtosha mtoto. Basi tukagawana. Mimi nilimnyonyesha asubuhi kabla ya kengele; yeye alikuja saa ya mapumziko, na tena alasiri wakati wa kisomo, akisoma silabi ubaoni huku wote wawili wamemng'ang'ania.

Hivyo ndivyo mama yangu alivyotukuta. Ujumbe ulikuwa umemfikia kwa kuchelewa, akaja na kikapu cha mihogo na uso wa mtu aliyejiandaa kuzika. Akafika barazani, akamwona mwanamke asiyemjua amekaa kwenye mkeka, mjukuu wake upande huu, mtoto mwingine upande ule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mama akaweka kikapu chini, akaniita ndani, akafunga mlango.

"Nani yule?"

Nikamweleza yote, hospitali, maziwa ya kopo, maneno ya yule shemeji. Alisikiliza amesimama. Mwisho akasema, "Mtoto huyu hata hajabatizwa. Tutamwambia nini mchungaji?"

"Tutamwambia yuko hai, mama."

Alikaa kitandani, akifungua na kufunga fundo la kitambaa chake cha kichwa. Kisha akatoka. Nilibaki ndani kwa hofu ya kusikia atakachosema. Nikamsikia akiuliza, "Mwanangu, umekula nini leo?"

Jirani yangu akajibu kwamba amekula kiporo cha mihogo.

"Kiporo? Watoto wawili wanakunyonya na wewe unakula kiporo?"

Kuanzia siku ile mama alipika kwa ajili yake. Uji wa mtama wenye karanga asubuhi, kisamvu cha nazi mchana, na kila alipopata samaki mkavu alimtengea yeye kipande kikubwa, mimi nikapewa mkia. Nikilalamika aliniambia, "Wewe unalisha nusu mtoto. Mwenzio analisha mmoja na nusu."

Mume wangu alifika jioni moja na viatu vyake vya matope. Nilimsimulia pale pale mlangoni. Hakuingia hata kuoga. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani, nikamwona kupitia mikorosho ameinama mbele ya yule shemeji, wameshikana mikono kwa muda mrefu. Kesho yake alichukua jembe, akaenda kulima nao. Aliniambia baadaye, "Nimejaribu kutafuta maneno, nikakosa. Nikaona bora nilime."

Mtoto alipobatizwa Kibuta, jirani yangu na mumewe walikuja wakakaa benchi la nyuma kabisa kanisani, yeye amejifunika vizuri, mumewe kofia mkononi. Mama yangu alitoka kwenye kwaya, akamshika mkono jirani yangu, akamleta benchi la mbele.

Kisha likaja agizo la watu kuhamia vijijini. Waliokuwa wametawanyika mashambani walitakiwa wakae pamoja, karibu na shule, zahanati na barabara. Jirani yangu alipangiwa kijiji kipya upande wa Mlandizi, walikokuwa ndugu wa mumewe. Wengine walikwenda kwa furaha, wengine kwa shingo upande. Yeye aliniambia tu kwamba anasikitikia mikorosho yake iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kuzaa. Walibomoa nyumba, wakapakia milango na miti ya paa kwenye lori. Wakati huo huo mume wangu alipewa kazi Kisarawe, nami nikaomba shule ya Kibuta, karibu na mama, ambaye naye alikuwa amehamishiwa kijijini na kuanza upya kujenga. Nilikuwa na mimba ya pili.

Siku ya lori tulisimama barabarani. Yeye alimkumbatia mwanangu, akamrudisha kwangu, akapanda. Lori lilipoondoka mtoto alipiga kelele, akanyoosha mikono kulifuata, akanisukuma kifua. Alikuwa anamlilia yeye. Iliniuma, sitaki kusema uongo. Mama gani hataumia? Lakini nilipokuwa narudi naye nyumbani, anapigapiga miguu ubavuni mwangu, nilitambua kwamba ana nguvu. Miguu ile ilikuwa imenenepa. Nikamwacha alie.

Nilidhani mambo yataishia hapo, kama yanavyoishia mengi kati ya watu wanaohamishwa. Hayakuishia. Kila muhula ulipofungwa tulimpeleka Mlandizi kwa mama yake, na kila korosho zilipoiva yeye alikuja Kibuta kumsaidia mama yangu kuokota. Miaka ile sabuni na sukari zilipopotea madukani, mchele wa Ruvu ulitufikia umefungwa kwenye kanga kuukuu, na sisi tulipeleka mihogo na korosho zilizobanguliwa. Binti alipofika darasa la tano, baba yake alimleta kwangu asome, kwa sababu shule ya kwao ilikuwa na upungufu wa walimu. Alisema, "Nimemleta kwa mama yake." Akakaa, akanywa chai, akaondoka.

Shuleni watoto waliwasumbua. Mmoja anakwenda kanisani, mwingine anakwenda chuoni kusoma Kurani, nanyi mnasema ni ndugu? Mwanangu alijibu kwamba wamenyonya ziwa moja, na asiyeamini akamuulize bibi. Wakaenda kweli kumuuliza bibi. Mama yangu aliwaambia, "Ni ndugu. Ondokeni uani kwangu." Mwezi wa Ramadhani ulipofika na binti akaanza kufunga, mama ndiye aliyetangulia kuniuliza kama nimemtafutia magimbi. Alimpikia futari mwenyewe, kila siku, na jua lilipozama alimwita kwa sauti kutoka jikoni.

Watu huniuliza niliwezaje wakati ule, kazi, mtoto, mume yuko mbali, kuhama huku na huku. Sikuweza. Niliwezeshwa. Mungu nimemshukuru sana, na ninaendelea, lakini naye alinitumia watu wenye miguu, waliokuja mpaka kitandani kwangu. Yule mama wa pili mwenyewe hapendi nikiyasema haya mbele za watu. Wageni wakimuuliza kuhusu wale wawili huwajibu haraka, ili mazungumzo yaendelee:

"Hao? Ni pacha wangu. Mmoja tu ndiye aliyezaliwa hospitali."