Jina Lililokwenda Vitani

Dada wa ofisini aliniambia jina la baba halipo. Alisema kwa upole, na hilo naliandika mapema kwa sababu huko mbele nitamshuku sana, na sitaki msomaji adhani alikuwa mtu mbaya. Hakuniomba chochote, hata soda. Alisema tu, "Mzee wangu, makao makuu wamejibu. Askari wa jina hilo kutoka kwenu hawamwoni. Sisemi amekufa, sisemi yuko hai. Kwenye kumbukumbu hayupo kabisa."

Baba alikwenda vita ya Kagera nikiwa mgongoni kwa mama, na hakurudi. Hatukuletewa mwili wala barua. Mama hajawahi kumwekea matanga, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba amekufa, na huwezi kumlilia mume ambaye pengine kesho atabisha hodi. Sasa mama amezeeka na kifua kinamsumbua. Baada ya mavuno alinishika mkono akasema anataka kumlilia mumewe kabla na yeye hajaliliwa. Ndipo nikaanza safari za ofisi ya serikali Shinyanga mjini. Nilikuwa nimesikia redioni kwamba ipo sheria ya mwananchi kuomba taarifa serikalini. Mimi niliishia darasa la saba, sheria siijui, ila niliielewa hivi: kuuliza siyo kosa.

Kwa hiyo jibu lile liliniuma. Mtu anaondoka kwake na gari la jeshi, kijiji kizima kinamwona, halafu hayupo? Nikakumbuka kwamba siku ya kwanza, nilipotaja vita, yule dada aliinuka akaenda kuongea na simu chumba cha pili, akafunga mlango. Kwa nini afunge mlango? Inawezekana alikuwa anaongea na mwanawe. Sikulifikiria hilo wakati ule.

Nafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga Kahama. Nilipowasimulia wenzangu, mmoja aliyewahi kuchimba dhahabu kule Bugarama alinicheka.

"Kaka, umeingia duara la wenyewe," alisema. Duara ndiyo wanavyoliita shimo la machimbo. "Utachimba mpaka uzeeke. Mawe yenye mali walishayatoa."

"Mali gani iko kwa mtu aliyepotea?"

"Sasa mimi nitajuaje? Ndiyo maana yamefichwa."

Tulicheka wote, lakini yale maneno niliondoka nayo.

Nilifika nyumbani kijijini nikiwa nimejaa hasira. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua choroko. Sisi tunamwita mayu, kwa Kisukuma, hata tukiwa tunaongea Kiswahili.

"Mayu, wanatuficha," nilimwambia. "Safari hii nikienda sitasalimia mtu."

Hakuuliza wamesema nini. Aliuliza, "Uliwatajia jina gani?"

"La baba."

"Lipi?"

"Kwani baba ana majina mangapi?"

Akatoa jiwe kwenye choroko, akalitupa. Niliona kwamba hataki kuniangalia, na hapo, Mungu anisamehe, nikaanza kumshuku mama yangu mzazi.

"Jina la baba yako halikwenda vitani," alisema. "Lilikwenda la baba yako mdogo."

Akanieleza. Baba hakumaliza shule. Alipotaka kuandikishwa jeshini aliulizwa cheti, na kwenye ukoo aliyekuwa na cheti cha darasa la saba ni binamu yake, ndiye huyo baba mdogo. Yule binamu jeshi hakulitaka, alikuwa na mjomba wa kumwingiza kwenye mgodi wa almasi Mwadui. Basi baba akaazima cheti pamoja na jina lake. Wa rika la mama ukiwasimulia habari hii hawashangai. Cheti kilikuwa kama jembe, mwenye shamba la kulima anakuja kukichukua. Tofauti ni kwamba jembe linarudishwa jioni.

"Miaka yote hii, mayu. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, akirudi wangemfunga kwa kudanganya serikali. Nilikuwa namngoja, ng'wanawane, mwanangu. Ningemngojaje huku namchongea?"

Nilichuchumaa nikachambua choroko pamoja naye.

Baba mdogo anakaa Mwadui, amestaafu zamani. Nilimkuta anamwagilia mchicha nyuma ya nyumba. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba," akaitikia marahaba huku anaangalia njia niliyotokea kama kuna mtu nyuma yangu. Nilimwambia shida yangu: kwamba pale ofisini hawatanijibu habari za mtu asiye na jina la baba yangu, na kwamba nikisimama naye itaeleweka. Alimwagilia mpaka ndoo ikaisha maji.

"Unataka niende serikalini nikaulize kama mimi nimekufa?"

"Ndiyo, baba."

"Na wakisema ndiyo?"

Alitaka kucheka, lakini kicheko hakikufika usoni. Nilimshuku na yeye. Miaka yote hiyo, kutoka Mwadui mpaka kwetu siyo mbali, na hajawahi kuja kumwona mama hata kwenye msiba wa mtu mwingine. Ila lazima niseme kwamba asubuhi yake alikuwa amevaa koti, amenitangulia kituoni.

Ofisini yule dada alimsikiliza bila kumkatisha. Baba mdogo aliweka kitambulisho chake cha taifa mezani na kusema, "Askari wa jina hili siyo mimi. Ni kaka yangu. Mimi nilimpa cheti." Halafu akanyoosha mikono kidogo pembeni, kama mtu anayesubiri kupekuliwa. Nafikiri ni mazoea ya geti la mgodi. Dada akamwambia, "Kaa, babu. Hapa hatupekui."

Akatuambia kwamba habari za askari siyo kila mtu anapewa, hata sheria imezibakiza nyingine kuwa siri, lakini ndugu wa karibu anaweza kuelezwa. Alituma ombi upya kwa jina lile. Tulirudi nyumbani kungoja, na habari za kungoja huko sitazieleza. Simu ilipokuja, tulikwenda tena wote wawili.

Safari hii alikuwa na karatasi. Aliiweka mezani ikimwelekea yeye, na kiganja akakilaza kwenye nusu ya chini.

"Jina lipo," alisema. "Imeandikwa kwamba hakuonekana baada ya mapigano. Mzee, mama yako anaitwa nani?"

Nikamtajia jina la ubatizo, lililo kwenye kitambulisho chake.

"Siyo hilo."

Nilidhani basi, tumemtafuta mtu mwingine. Kisha yule dada akasoma jina la Kisukuma, polepole, akikosea mkazo, jina ambalo mama anaitwa ndani ya nyumba na ambalo hata majirani wengi hawalijui. "Huyu ndiye aliyeandikwa kuwa mke," alisema.

Baba alikwenda na jina la kuazima, ila la mke wake aliliandika la kweli.

"Na hapo chini?" nilimuuliza.

"Hapo chini siruhusiwi, mzee wangu."

"Ni maneno mengi?"

"Ningeruhusiwa ningekusomea."

Nilikiangalia kile kiganja. Labda chini yake palikuwa na muhuri tu na sahihi ya mkubwa fulani. Labda dada mwenyewe aliumia kuliko nilivyoona. Nayaandika yote mawili kwa sababu sijui.

Tulikaa stendi tukisubiri basi, na baba mdogo akaanza kuongea bila kuulizwa. Alisema vita ilipokwisha, barua ilifika kijijini kwa wazazi wake. Ilisema mtoto wao, kwa jina lake kamili, hajulikani alipo. Na yeye siku hiyo alikuwa nyumbani likizo, anakula ugali. Wazazi wakaogopa. Kiongozi wa kijiji wa wakati ule aliitwa, akamkuta mwenye jina anakula, akasema serikali imekosea. Akajibu nyuma ya barua ileile kwamba mtu huyo yupo nyumbani kwao, mzima. Barua ikarudi ilikotoka.

"Nilikuwa na kinywa kimejaa," alisema. "Nilimeza, nikanyamaza."

Nilielewa kwa nini hakuwa akija kwetu. Nilielewa pia kinachoweza kuwa chini ya kile kiganja. Askari anapotea vitani, halafu jibu linatoka kwao kwamba amekaa nyumbani anakula. Ningekuwa mimi karani wa jeshi ningeandika nini? Ningeandika mtoro.

Sina uhakika. Nimeligeuza sana, na kila nikiligeuza naona ninalitengeneza mwenyewe. Lakini limekaa hapo.

Mama nilimweleza yote, na la kiganja na la barua. Niliwaza kumficha hilo la mwisho, ila nyumba yetu imefichwa vya kutosha. Alisikiliza amefumba macho. Maswali yake yalikuwa mawili.

"Umeisoma karatasi kwa macho yako?"

"Hapana, mayu. Alisoma yeye."

"Na jina langu, alilisoma yeye au ulimtajia wewe?"

"Alilisoma yeye. Mimi nilitaja la ubatizo."

Alifumbua macho. Kisha akanituma nikawaambie wakwe zake kwamba matanga ni Jumamosi, na baba mdogo wa Mwadui aje akae mstari wa mbele na wenye msiba.

"Mayu, tungoje kwanza," nilisema. "Bado kuna maneno hawajatuambia. Huenda wamemwandika vibaya."

"Wewe endelea kuwauliza," alisema, akivuta khanga kichwani. "Mimi acha nilie."