Ile Tisa ya Mwisho

Hapana Mwende, mdogo wangu, haikuwa ujinga. Ningefanya nini, na mama amelazwa hospitali?

Juzi niliona behewa limesimama stesheni ya Emali, na harufu ya dizeli ikanirudisha darasa la nne. Nilikuwa nimejiambia namba ya behewa moja lililokuwa limeegeshwa pale ikigawanyika sawasawa, mama atarudi. Ilikuwa 104729. Nikajaribu mbili, tatu, tano, saba. Ikakataa zote. Kaka yetu Mutua akacheka, “Woi, hiyo ni prime! Inagawanyika na moja na yenyewe tu.”

Leo najua prime ni aina tu ya namba, haiui mtu. Siku hiyo nililia mpaka nikakosa pumzi. Halafu nikaamua kesho asubuhi nitakuja na chaki, nifunge mkia wa ile tisa ya mwisho, ikuwe nane, igawanyike.