Panya wa Upande wa Kulia

Siku ile naikumbuka, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Kaa, usiondoke. Hiyo chupa ya peptidi, dawa ya kuunga kano uliyoagiza mtandaoni, ujidunge kisiginoni ulipoumia ili urudi uwanjani mapema, iweke mezani kwanza tuongee. Shangazi yako leo sina utulivu, tangu alfajiri nazunguka nyumba hii kama kuku anayetaka kutaga.

Nilikuwa msichana, nimeajiriwa kusafisha vizimba vya panya katika maabara moja hapa Mwanza. Watafiti walikuwa wanajaribu dawa ya kuunga kano. Panya walikatwa kano ya mguu, wakadungwa, na baada ya muda nikawaona kwa macho yangu wakikimbia. Nani angenibishia? Baba yako wakati huo alikuwa mchukuzi pale Kigongo, enzi za kivuko, kabla ya daraja, na kano ya kisigino chake ilikuwa imechanika nusu. Daktari alikuwa amemfunga plasta na kumwambia atulie. Mimi nikaiba dawa kazini, nikamdunga mwenyewe. Maumivu yakapoa. "Dada, nimepona," akasema, akaivunja plasta, akaenda kubeba gunia la mchele. Kano ikakatika yote.

Nilirudi kazini nalia. Mzee Kulwa, msimamizi wangu, hakunipa hata pole.

"Binti, wewe unasafisha upande gani?"

"Wa kushoto, mzee."

"Wa kulia umewahi kuwatazama?"

Sikuwahi; ulikuwa na mfanyakazi wake. Akanivuta hadi kule. Wale nao walikatwa kano vilevile, wakadungwa maji ya chumvi tu, na walikuwa wanakimbia. "Panya hupona upesi hata asipopewa kitu," akasema. "Na panya habebi gunia." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Basi uliza, mwanangu. Hao waliopona ni watu au panya? Nimewasoma wauzaji wako kwenye simu, kwa macho yangu haya mabovu: karibu kila wanachojivunia ni cha panya. Watu waliofanyiwa utafiti ni wachache mno, tena hawakufuatiliwa muda mrefu. Wasiopewa dawa walikuwaje? Aliyerudia jaribio ni nani, au ni yuleyule anayeiuza? Na kilichomo humo chupani kimepimwa na nani? Sisemi haifai, huenda siku moja ikafaa. Nasema bado hatujui, na mguu ni wako. Rudi kwa daktari, fanya mazoezi aliyokupa, hata yakikuchosha roho.

Baba yako anachechemea hadi leo, na wewe umekua ukiambiwa ni ajali ya kazini. Ni yeye aliyetunga maneno hayo, ili usinichukie. Mungu akupe subira niliyoikosa mimi, na akufikishe uzee wako ukitembea bila fimbo.