Maji Yaliyong'aa Katikati ya Mafunjo

Mara ya kwanza tulipoliona lile ziwa hatukuwa tukitafuta ziwa. Pikapu ya rafiki yangu ilikuwa imezama kwenye tope nje ya Kitale, upande wa milima ya Cherangani, nasi tukapanda kilima kilichokuwa karibu ili simu ishike mtandao tumwite mtu wa trekta. Alikubali kuja. Tukakaa kwenye nyasi kumngoja, na jua lilipotoka nyuma ya wingu tukaona chini yetu, katikati ya kinamasi cha mafunjo, kitu kikimetameta.

"Ni bati," nikasema.

"Nani atajenga nyumba ya bati huko ndani? Hayo ni maji, Mwalimu."

Aliniita Mwalimu tangu nilipoajiriwa shule ya msingi pale Kitale, ingawa tulikuwa tumekaa dawati moja sekondari na alijua vizuri alama nilizokuwa nikipata. Yeye alikuwa mwana wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Bungoma. Watu walimwita Kalasinga, kama wanavyowaita Masingasinga wote, naye aliwajibu kwa Kibukusu kitamu kuliko changu mimi niliyelelewa mjini. Alizaliwa Bungoma, na baba yake pia alizaliwa Bungoma.

Jioni hiyo tuliangalia ramani kwenye simu. Ilionyesha kijani kitupu na doa jeusi katikati, bila jina. Wikendi iliyofuata tulirudi tukamwuliza mama mmoja ambaye shamba lake la mahindi liliishia kwenye ukingo wa kinamasi.

"Hiyo maji haina balabala," akasema. "Ni ya ndege. Watu wanakata mafunjo hapa kando tu, wanaludi."

"Na mtu akitaka kufika?"

"Kufika afanye nini?"

 Jibu la swali hilo sidhani ninalo hata sasa. Nilikuwa kijana, sijaoa, na siku zangu za wiki zilijaa chaki na kusahihisha. Rafiki yangu alikuwa akipima misumari na kukata nyaya tangu asubuhi hadi jioni. Labda tulitaka tu kitu ambacho hakuna mtu aliyetutuma tukifanye.

Tuliunda mtumbwi nyuma ya duka, Jumapili kwa Jumapili, kwa plaiwudi na fito nyembamba za msonobari, tukaufunika turubai na kuupaka rangi ya mafuta ili usipitishe maji. Tuliukusudia uwe mwepesi, watu wawili waweze kuubeba. Baba yake, ambaye sote tulimwita Mzee, alikuwa akitoka mlangoni na kikombe chake cha chai, anatutazama, kisha anarudi ndani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mbali na mlango huo, sikuwahi kumwona mahali popote isipokuwa nyuma ya ile kaunta ya kioo yenye kufuli na bawaba.

Siku moja alisimama muda mrefu kuliko kawaida.

"Hili ni jeneza?" akauliza.

"Ni mtumbwi, Papa."

"Mtumbwi, hapa Bungoma," akasema, na kutikisa kichwa, akaingia ndani.

Mama yake ndiye aliyetupa alama za njia. Rafiki yangu alimwomba nguo kuukuu, naye akatuletea vilemba vya mumewe vilivyochakaa, vya rangi ya machungwa na buluu, akatuambia tuvichane. Tulivikata vipande virefu tukavitia kwenye mfuko.

Safari ya kwanza tuliingia kwa mfereji mwembamba uliokuwa nyuma ya shamba la yule mama. Mimi nilikaa mbele na kafi, yeye alisimama nyuma akisukuma kwa pondo, mti mrefu wa kufika chini ya maji. Mafunjo yalitupita kimo pande zote. Huoni mbali, huoni kilima, unaona mbingu tu kama kipande cha kitambaa kimetandazwa juu. Kila mfereji ulipogawanyika tulichagua mkono mmoja na kufunga kipande cha kilemba kwenye shina. Mara nyingi tulichagua vibaya, tukarudi, tukakifungua, tukakifunga upande mwingine. Alasiri ilipotukuta bado tumo ndani tuligeuza, tukafuata rangi zetu hadi nje, tukifurahi kama watu waliofika.

Mvua ikanyesha kwa majuma kadhaa. Tuliporudi, kitambaa cha kwanza kilikuwapo, na cha pili. Cha tatu kilitupeleka moja kwa moja kwenye ukuta wa mafunjo.

"Tulipita hapa," nikasema.

"Tulipita."

"Sasa?"

Alinyoosha kidole. Mbali kulia, mahali ambapo hatukuwahi kufika, kipande cha rangi ya machungwa kilikuwa kikipepea. Tulikitazama muda kabla ya kuelewa. Yale mafunjo hayakuwa yameshika ardhi. Yalikuwa visiwa vinavyoelea, na upepo na maji ya mvua vilikuwa vimevihamisha pamoja na alama zetu. Njia tuliyoitafuta kwa jasho ilikuwa imeondoka na kwenda zake.

Tulicheka, lakini kicheko kilikatika tulipogeuka. Mfereji tuliouingilia ulikuwa unajifunga. Kisiwa kimoja kilikuwa kikisogea polepole, bila sauti, na nafasi nyuma yetu ilikuwa imebaki upana wa mlango. Tulipoifikia haikuwapo tena.

Niliogopa siku ile.  Tulishuka, tukaanza kuukokota mtumbwi juu ya mafunjo yaliyolala, kila mmoja ameshika upande wake ili akitumbukia aushikilie. Mguu wangu ulizama hadi pajani na nikahisi chini yake hakuna kitu, maji baridi tu. "Usisimame, Mwalimu," alikuwa akisema. "Ukisimama unazama. Twende tu." Hatimaye mguu uligonga udongo. Ulikuwa ukingo wa ardhi ngumu, mwembamba, wenye miti michache, uliopita katikati ya kinamasi kama uti wa mgongo.

Tukaupanda tukihema. Na ng'ambo ya pili, chini ya miti, ziwa lilikuwa pale pale.

Hatukuingia siku ile. Jua lilikuwa limeinama na tulikuwa tumechoka sana. Tuliufuata ukingo kwa miguu, mtumbwi vichwani, tukatokea kwenye shamba la watu tusiowajua, ambao watoto wao walitukimbia. Lakini sasa tulikuwa na njia: kutembea kwenye ukingo na mtumbwi hadi kwenye miti, kisha kuutia majini upande wa pili. Tulikuwa tumeitafuta kwa maji, kumbe sehemu kubwa ilikuwa ya miguu.

Jumapili iliyofuata tulielea juu ya ziwa lenyewe. Halikuwa ziwa kubwa. Maji yalikuwa meusi na matulivu, mayungiyungi yamezunguka kando, na korongo wenye taji walitembea ukingoni kama wageni wa harusi. Nzohe, yule swala wa kinamasi, alitoka kwenye mafunjo, akatutazama, akaendelea kunywa. Tuliacha kupiga kafi. Siku ile nilihisi wepesi ambao sijawahi kuuhisi tena kwa namna ile, ingawa maisha yamenipa mema mengi baadaye.

Tulirudi mara nyingi. Kisha siku moja, tukinywa chai nyuma ya duka, Mzee aliweka kikombe chini.

"Kuna nini huko?"

"Maji, Papa," mwanawe akasema.

"Maji tu?"

"Maji tu."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Jumamosi duka halitafunguliwa," akasema.

Tangu nimjue, duka lile halikuwahi kufungwa Jumamosi. Tuliondoka alfajiri kupitia Kamukuywa, Mzee amekaa mbele na kikapu mapajani: chapati, achari ya maembe, chupa ya chai. Alikuwa amevaa viatu vyake vya dukani. Kwenye ukingo alitembea polepole, mkono wake begani kwangu, akisimama mara kwa mara kama mtu anayekagua mzigo ulioletwa. Tulimketisha katikati ya mtumbwi na kusukuma.

Tulifika katikati ya ziwa, Mzee akitazama huku na huku. Akauliza kama kuna mamba. Mwanawe akamwambia hakuna, tumeuliza. Mzee akainama, akafungua kamba za viatu, akavua soksi na kuzikunja ndani ya viatu. Tulidhani anataka kuosha miguu. Akavua shati. Kabla hatujajua la kufanya alikuwa ameteleza majini, na mtumbwi ukayumba karibu utumwage sote.

"Papa! Rudi, Papa!"

Lakini Mzee alikuwa akiogelea. Aliogelea vizuri, bila haraka, kichwa juu, kilemba chake kikavu kama siku ya kwenda hekaluni. Alizunguka mtumbwi, akaenda hadi kwenye mayungiyungi, akarudi.

"Baba yangu alinifunza," akasema, ameshika ukingo wa mtumbwi, maji yakimtiririka ndevuni. "Mto Nzoia, wakati wa kiangazi. Nilikuwa mdogo."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza. Na mimi nilikuwa dukani."

Rafiki yangu aligeuza uso akatazama korongo kwa muda mrefu. Tulikula chapati chini ya miti, Mzee amejifunika taulo la kufutia gari, na alizungumza siku ile kuliko nilivyowahi kumsikia: kuhusu mto, kuhusu baba yake, kuhusu samaki waliokuwa wakiwashika kwa kikapu.

Miaka michache baadaye dada yake rafiki yangu aliyekuwa Kanada aliwaita wazazi wao, kisha rafiki yangu naye akafuata. Duka likauzwa. Mzee alifia huko, wakati wa theluji.

Desemba iliyopita rafiki yangu alikuja likizo, ndevu zake zimeanza mvi. Mahindi sasa yamelimwa hadi juu ya ukingo, na ng'ombe wamefungua kijia mpaka majini, kwa hiyo tulifika bila mtumbwi, viatu vikavu. Ziwa limepungua kidogo, lakini liko. Tulisimama ukingoni.

"Ni usawa wa hapa Papa aliingia majini," akasema.

"Hapana. Ilikuwa kule, usawa wa ule mti ulioanguka."

"Ule mti haukuwapo, bana."

"Ulikuwapo. Ulikuwa umesimama."

Tulibishana hivyo mchana kutwa, tukizunguka maji kutoka upande mmoja hadi mwingine, na hakuna aliyetaka kushinda.